Silanga Ikijaa: Tuwalinde Watoto na Wanyama Wetu Penye Maji

(Maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa baraza la wazazi, wazee na wafugaji wa Vitengeni, Ganze, katika Kaunti ya Kilifi.)



Huenda baadhi yenu mliposikia kwamba leo tutazungumza habari ya hatari ya maji mlicheka kidogo moyoni, mkasema, "Mtu huyu amepotea njia. Sisi wa Vitengeni twatafuta maji mchana na usiku, naye aja kutuonya tuyaogope! Maneno hayo na ayapeleke kwa wavuvi wa Kilifi na Malindi." Kama yuko aliyewaza hivyo, simlaumu. Lakini namwomba anisikilize mpaka mwisho, kwa maana nataka kumwonyesha kwamba watu wa nchi kavu wana sababu yao wenyewe ya kujihadhari na maji, na pengine sababu hiyo ni kubwa kuliko ya wavuvi.

Mtoto wa mvuvi huyaona maji kila siku. Huyajua yanapokupwa na yanapojaa, na kabla hajajua kuhesabu amekwisha kufundishwa mahali pa kukanyaga na mahali pasipokanyagika. Mtoto wetu sisi, tuishio huku nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hakui hivyo. Kumbukeni ukavu uliotupata juzi juzi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za nchi kavu za Kenya. Silanga zikageuka viwanja vya vumbi, na watoto wakacheza mpira mahali ambapo zamani ng'ombe walikunywa. Kisha mwisho wa mwaka 2023 zikaja mvua kubwa za El Niño, na uwanja ule wa mpira ukawa ziwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2019 alikuwa na umri wa miaka minne, naye hakuwa na habari ya maji mengi. Isitoshe, desturi yetu ni kutoa tope na kuchimba zaidi wakati silanga ikiwa kavu, ili ipate kuweka maji mengi. Basi hata kijana mkubwa aliyeikumbuka silanga ya zamani, yenye kina cha kiuno chake, aliingia akakuta kina kimempita kichwa. Ndivyo wazee walivyonena: Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwezi wa Desemba 2024, likasema kwamba katika mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa watu wa nchi zisizo tajiri, kama yetu. Kwa ajili ya msiba huu Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2021 kwamba tarehe 25 Julai ya kila mwaka iwe siku ya kuwakumbusha watu wa dunia nzima kuzuia vifo vya kuzama. Na wengi wa hao waliokufa hawakuwa safarini katika meli. Walikuwa karibu na nyumbani kwao, penye kisima, kidimbwi, mto au ndoo.

Anayezama hapigi kelele

Sasa nitawasimulia jambo lililonifundisha mimi, nalo nalisimulia kwa uzito wa moyo. Nilipokuwa mvulana wa miaka kumi hivi, tulikuwa watoto watatu tuliokwenda kuchunga siku za Jumamosi. Siku moja tuliwapeleka ng'ombe silangani baada ya mvua. Ndama mmoja aliingia ndani mno, akaanza kuelea. Mwenzetu, ambaye ndama yule alikuwa wa baba yake, alivua shati akamfuata, maana aliogopa kwenda nyumbani bila ndama kuliko alivyoyaogopa maji. Sisi wawili tulisimama ukingoni tukimtazama. Tulikiona kichwa chake kimeinuka nyuma kama mtu atazamaye mawingu, kinywa kikiwa sawasawa na maji. Mikono yake ilikuwa ikipiga maji chini kwa upole, kama mtu apandaye ngazi. Hakuita. Hakutupungia mkono. Tukadhani anacheza, na mmoja wetu akacheka. Kisha hatukumwona tena, tukadhani amepiga mbizi, tukangoja atokee upande wa pili. Aliyetokea upande wa pili ni yule ndama, akajikung'uta, akaanza kula majani.

Mama zangu, wazee wangu, ninyi mwaweza kujua tulingoja muda gani kabla ya kukimbia kuita watu. Nisingependa kusema. Lakini nataka kila mtu aliye hapa aondoke na neno hili moja: anayezama hapigi kelele. Methali yasema kwamba mfa maji haachi kutapatapa, nayo ni kweli kwa mtu mzima katika dakika za kwanza. Lakini mtoto mdogo hana nguvu ya kutapatapa. Pumzi anayohitaji kwa kulia ndiyo aitafutayo kwa kuvuta, na mikono ambayo angeinua kutuita ndiyo anayoitumia ili asizame. Kwa hiyo mama anayesema, "Nilikuwa karibu, ningemsikia," hakosi mapenzi kwa mwanawe, bali anategemea masikio katika kazi ambayo ni ya macho. Mtoto aliye penye maji hulindwa kwa macho, na macho yenyewe yawe ya mtu aliyetajwa kwa jina. Wakiwapo watu wazima kumi na asitajwe mmoja, kila mtu hudhani mwenzake anatazama, na mwishowe hatazami mtu.

Maji madogo ya nyumbani

Tuanze nyumbani. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mtoto anayetambaa, na yule aliyeanza kutembea juzi, kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama kuchungulia ndani ya ndoo ya lita 20 na kutumbukia kichwa chini, hawezi kujisukuma nje, wala ndoo yenye maji haipinduki ikamwachilia. Maji ya kina cha vidole vitatu tu, yaliyobaki katika karai la kufulia, yatosha kuziba pua na kinywa chake. Dakika chache zatosha kumdhuru asipone tena.

Hatuwezi kuambiwa tusiweke maji nyumbani, kwa kuwa maji yetu yametoka mbali, kichwani mwa mama au mgongoni mwa punda. Lakini twaweza kufanya haya. Kwanza, maji yawekwe katika madumu yenye mdomo mwembamba na kifuniko, si katika ndoo wazi. Pili, pipa au ndoo isiyo na budi kuwa wazi ifunikwe kwa ubao na jiwe zito juu yake. Tatu, karai likiisha kazi limwagwe papo hapo na kuinamishwa. Maji ya kufulia yapewe mche wa mpapai. Nne, mashimo tuliyochimba kwa kutoa udongo wa kujengea nyumba yafukiwe, kwa sababu mvua moja huyajaza, na mara nyingi yapo nyuma ya nyumba, mahali ambapo jicho la mama halifiki. Tangi la chini ya ardhi la kuwekea maji ya mvua liwe na mfuniko wenye kufuli, na kisima kiwe na ukuta unaozidi kifua cha mtoto, pamoja na mfuniko.

Bado kuna saa ambazo mama hana budi kwenda kuteka maji au kulima, na mtoto hawezi kubebwa kila mara. Hapa ningependa kuwaeleza walivyofanya watu wengine. Katika nchi ya Bangladesh, iliyojaa mito na vidimbwi, wataalamu walichunguza wakaona kwamba watoto wadogo wengi walizama kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, yaani saa zile ambazo mama wamo katika kazi zao. Basi vijijini wakaweka nyumba ambamo mwanamke aliyefundishwa huwaangalia watoto wadogo wa majirani katika saa hizo tu. Vifo vya kuzama vikapungua sana. Hawakuhitaji mtambo wowote, ila mlezi na saa zilizopangwa. Je, sisi tulio na desturi ya kulima kwa ujirani hatuwezi kulea kwa zamu? Leo mama mmoja abaki na watoto wa miji mitano, kesho mwingine. Lakini asiwe msichana wa miaka saba anayeachiwa ndugu yake wa miaka miwili. Msichana yule ni mtoto pia, na msiba ukitokea atauchukua moyoni maisha yake yote.

Silanga na ndama

Sasa twende silangani. Mara nyingi twazungumza habari ya wanyama siku moja na habari ya watoto siku nyingine, kana kwamba ni mambo mawili. Mimi nasema ni jambo moja. Kwa nini mtoto wetu huingia silangani? Wakati mwingine ni kwa kucheza na kuoga. Lakini mara nyingi ameingia kwa sababu mnyama ameingia. Ng'ombe huenda mbele akanywe maji safi ya katikati. Mbuzi husukumwa na wenziwe. Mbwa hurukia bata wa porini. Punda hukwama na madumu yake mgongoni. Na mtoto aliyepewa amri, "Usirudi bila mnyama wa watu," atafuata. Basi anayemzuia ndama asiingie majini amemlinda mtoto pamoja naye.

Silanga zetu zimechimbwa. Hazikuumbwa kama ziwa lenye ufuko. Kingo zake nyingi zashuka kwa ghafula, na maji yake ni ya udongo, hata aliyezama kimo cha mkono haonekani. Chini kuna tope linaloshika miguu. Wakati wa mvua hatari ni kina. Wakati wa ukavu hatari ni tope, kwa maana ng'ombe aliyedhoofika kwa njaa huingia kutafuta maji machache ya katikati, akanasa, akafa akiwa amesimama. Mzoga wake waharibu maji ya kijiji kizima.

Dawa ni moja kwa mambo yote hayo: silanga izungushiwe ua, na wanyama wanyweshwe nje ya ua. Ua waweza kuwa wa waya ikiwa fedha zipo, na kama hazipo, wa miiba na miti ya kupandwa iliyokaribiana, kama tufanyavyo zizi. Kuwe na mlango mmoja, nao uwe mahali ambapo ukingo umeinama taratibu. Hori la kunyweshea lijengwe upande wa chini, na maji yaletwe kwa bomba au pampu ya mkono, au hata kwa ndoo na kamba. Huenda mtu akasema kwamba kazi hiyo ni ngumu. Ni ngumu kweli, lakini faida yake ni tatu. Mtoto hana sababu ya kuingia. Ng'ombe hatumbukii wala hanasi. Na maji tunayochota kwa matumizi ya nyumbani hayana tena mavi na mkojo wa mifugo, jambo ambalo peke yake hupunguza maradhi ya kuhara. Ua mmoja wafanya kazi ya mganga, ya mchungaji na ya mlinzi.

Wale walio na matangi ya saruji au mashimo yenye kingo zilizosimama, watie humo gogo au ubao wenye vikwazo, ulale kutoka chini mpaka ukingoni. Mbwa ajua kuogelea, na mbuzi aweza kuelea kwa muda, lakini hakuna hata mmoja awezaye kupanda ukuta wa saruji wenye utelezi. Huzunguka na kuzunguka mpaka nguvu ziishe. Gogo lile ni ngazi yake, na ikihitajika litakuwa ngazi ya mtoto.

Na mnyama akinasa topeni, tuwafundishe watoto neno hili waziwazi, nasi wazazi tulitie muhuri kwa vitendo: "Mnyama akiingia majini, mwache, uje utuite." Baba amwambie mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hatapigwa kwa ajili ya ndama aliyezama. Tukiwa tumekwisha kufika watu wazima, tutandike mbao au matawi juu ya tope tusizame sisi, tupitishe kamba pana nyuma ya miguu ya mbele, tumvute polepole. Tusimvute kwa shingo wala kwa pembe peke yake. Kama haiwezekani, basi ni hasara ya mali. Mali hutafutwa tena.

Mito ya msimu, na Sabaki

Kaunti yetu ina mito ya msimu kama Rare, Nzovuni na Goshi, ambayo siku nyingi ni mchanga mtupu. Twachimba visima katika mchanga huo, na watoto hupita humo kwenda shule. Lakini mto wa msimu waweza kuja bila mvua kunyesha mahali ulipo, ikiwa imenyesha juu. Mvuvi huwa na saa za maji kujaa na kupwa; mto wa msimu hauna saa. Kwa hiyo wakati wa mvua asiwepo mtoto wa kuchimba maji mchangani peke yake wala wa kulaza mbuzi katika mkondo. Ukionekana mto umeanza kuteremka, watoto wabaki shuleni au kwa jirani mpaka upungue. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima, na yakizidi kidogo huondoa pikipiki, hata gari, njiani. Mwenye pikipiki anayechukua watoto watatu wa shule na kujaribu kuvuka kwa sababu "ni maji kidogo tu" amechukua maisha ya watu mkononi.

Sabaki ni habari nyingine. Ndio mto wetu usiokauka, nao maji yake yatoka mbali: mto Athi unaoanza karibu na Nairobi hukutana na mto Tsavo, wakawa Galana, na Galana ndiyo Sabaki iingiayo baharini kaskazini ya Malindi. Basi mto waweza kufurika huku kwetu siku ambayo jua lawaka, kwa mvua iliyonyesha Ukambani na bara. Tena una mamba na viboko. Wale wanaohamisha ng'ombe kuelekea huko wakati wa ukavu wasiwatume watoto kuteka maji wala kunywesha. Mtu asirudie mahali pamoja kila siku kwa saa ile ile, kwa maana mamba hujifunza desturi ya windo lake. Maji na yachotwe mchana, kwa chombo chenye kamba au mpini mrefu, mtu akisimama mbali na ukingo, na mbwa wasiachwe kunywa ukingoni, kwani mamba aliyemzoea mbwa hatambagua mwenye mbwa.

Kumwokoa aliyezama

Sasa twaja katika jambo gumu. Mtoto ameonekana majini. Moyo wa kila mzazi husema, "Ruka!" Lakini mara nyingi mno msiba wa mtu mmoja umekuwa wa watu wawili au watatu kwa njia hii, maana mfa maji humkumbatia amfikiaye na kumzamisha. Asiyejua kuogelea asiingie. Ajuaye kidogo pia asiingie mikono mitupu. Alale kifudifudi ukingoni, anyoshe fimbo, tawi, au leso iliyofungwa fundo. Kama hafiki, atupe kitu kieleacho.

Na kitu hicho tunacho kila nyumba. Ni dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara. Dumu hilo laelea, na mtu akilikumbatia kifuani litamchukua. Naomba kila silanga iwe na dumu moja tupu, lenye kamba ndefu na imara, limetundikwa mtini karibu na mlango, wala lisichukuliwe na mtu kwa kazi nyingine. Kamba ile gharama yake ni ndogo. Siku ile nilipokuwa ukingoni tulikuwa na madumu mawili ya maji ya kunywa, na hakuna aliyetufundisha kuyamwaga.

Aliyetolewa majini asipovuta pumzi, tusimwinue miguu juu na kumzungusha, wala tusimfinye tumbo ili maji yatoke. Najua jambo hilo limefanywa sana. Si kwetu tu. Hata Ulaya zamani waliwabingirisha waliozama juu ya mapipa, na mwaka 1767 watu wa Amsterdam waliunda chama cha kuwatafutia waliozama njia zilizo bora. Leo yajulikana kwamba kinachoua si maji ya tumboni, bali ni kukosa pumzi, na kila dakika ya kumzungusha ni dakika ya pumzi iliyopotea.

Njia ni hii. Mlazeni chali mahali pagumu. Inueni kidevu chake, kichwa kiiname nyuma kidogo. Bana pua yake, weka kinywa chako juu ya kinywa chake, umpulizie mara tano, ukiona kifua kinapanda kila mara. Ikiwa ni mtoto mchanga, kichwa kibaki sawa, na kinywa chako kifunike kinywa na pua pamoja, pumzi iwe ndogo. Asipoamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, haraka, kama mara mbili kwa kila sekunde, kifua kishuke kadiri ya theluthi moja ya unene wake. Kisha pulizia mara mbili. Kisha kandamiza tena 30. Endeleeni hivyo, mkipokezana, mpaka apumue au mpaka mfike kwa muuguzi. Wakati huo mwingine aitafute gari. Na hata akiamka na kulia, apelekwe kituo cha afya siku ile ile, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yaweza kumgeukia baada ya saa kadhaa. Wauguzi wetu waweza kulifundisha jambo hili barazani kwa mwanasesere wa nguo. Mtu akiliona kwa macho na kulifanya kwa mikono yake halisahau.

Kujifunza kuogelea

Wako wazazi wanaosema kwamba mtoto asiyejua kuogelea hatakwenda majini. Laiti ingekuwa hivyo. Mwenzangu niliyemsimulia hakujua, naye alikwenda. Wataalamu wa afya washauri kwamba watoto waliofika umri wa shule wafundishwe kuelea, kuogelea na kuokoa kwa usalama, mahali panapofaa na chini ya mtu mzima ajuaye. Wasichana pia, kwa maana wao ndio wachotao maji. Katika kijiji cha Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yaliyowasitiri mwili mzima, hata heshima ya dini na desturi ikahifadhiwa. Basi hoja ya mavazi imekwisha kupata jibu. Sisi tuna vijana wetu waliokulia pwani, Kilifi na Malindi, wajuao maji. Tuwaombe wakati wa likizo. Lakini hata mtoto ajuaye kuogelea asiende silangani peke yake.

Kazi ya wiki hii

Naja mwisho. Wako wanaosema, "Ajali haina kinga." Wengine husema kwamba silanga ina mwenyewe, naye hudai mtu kila miaka kadhaa. Mimi siji kubishana na imani ya mtu. Nauliza tu: mwenye silanga akidai, mbona hudai daima palipo bila ua, bila mlinzi na bila kamba? Na mama aliyepoteza mtoto alipokwenda kuteka maji, tusimwongezee mzigo kwa kumlaumu. Alikwenda kututafutia sisi sote maji. Deni la ua lilikuwa letu.

Basi naomba tufanye mambo matatu kabla ya mvua zijazo. Leo jioni, kila mtu azunguke nyumba yake, afunike, amwage, afukie. Wiki hii, kila silanga ipate dumu na kamba yake mtini, na kila mchungaji mdogo aambiwe na babaye lile neno: "Mwache mnyama, uje utuite." Na kabla silanga hazijajaa, kamati za maji, pamoja na Chifu na wawakilishi wetu katika kaunti, ziitishe siku za kazi ya ua na hori, kila mji utoe mtu na panga.

Ndama yule niliyewasimulia aliishi akawa ng'ombe mkubwa. Baba wa mwenzetu hakuwahi kumchinja wala kumuuza. Alimwangalia tu, miaka mingi, bila kusema neno. Sipendi mzee mwingine wa Vitengeni apate ng'ombe wa namna hiyo.

Mungu atuletee mvua, na atupe akili ya kuipokea.